Mawe Niliyoweka kwenye Mkuku

Kemunto mwanangu,

Umeenda Itumbe kumuaga nyanya yako, na kwa mvua hii iliyoanza kupiga mabati tangu saa nane, najua atakuzuia mpaka inyamaze. Kwa hiyo nina nafasi. Nimeliacha jeneza la yule mzee wa kanisa likiwa halina kifuniko, nimepangusa benchi, nimekaa kuandika. Mambo ya blanketi, ya dawa ya malaria na ya kutopokea soda kwa watu usiowajua mama yako ameshakuambia mara sita. Mimi siyagusi.

Usishangae kwamba nimeandika kwa Kiswahili. Nikianza kumwandika Mokaya kwa Ekegusii nitatukana kabla ya mstari wa tatu, na barua ya matusi haiwekwi kwenye sanduku la binti. Tena Kiswahili ndicho tulichoongea kule ziwani, mimi na yeye na Mzee Oluoch aliyetufundisha kazi, ili sote watatu tuelewane. Mambo haya yalinitokea kwa Kiswahili.

Kwanza nikuambie wazi, usije ukafika katikati ya barua ukadhani baba yako amezeeka akalainika. Sijamsamehe Mokaya. Kesho unakwenda kufanya kazi kwenye karakana yake ya mashua, utakula ugali wake na utamwamkia kwa heshima, lakini mimi hapa Keumbu sijamsamehe. Unajua tulivyoishi. Mbwa wetu wa kwanza nilimwita Mokaya ili nipate kumkemea kila asubuhi. Kwa kuwa yeye ni mtu wa Ekerenyo, ndizi za Ekerenyo hazikuingia jikoni kwetu, hata mwaka ule upepo ulipoangusha migomba yetu yote. Babu yako alipofariki Mokaya alikuja mazishini na suti ya kijivu, nami nikawaambia waliokuwa wakipanga viti, "Huyo asipewe." Alisimama kuanzia sala ya kwanza hadi udongo wa mwisho, mvua ikimnyeshea, nami nikamtazama nikashiba. Chakula cha siku ile sikukigusa kabisa.

Na wewe nilikulea ndani ya hasira hiyo. Ulipokuwa na miaka sita nilikupa randa ndogo. Ulipofika kumi na miwili nilikufundisha kupinda ubao kwa mvuke, kazi ambayo hakuna mteja wa Keumbu anayeihitaji, maana mlango haupindwi na kitanda hakipindwi. Watu walipita hapo barabarani wakauliza, "Fundi, unaunda mashua huku mlimani?" Nilicheka nao. Sikuwa naunda mashua, nilikuwa nakuunda wewe, ili siku moja uende kule ukamwonyeshe. Ulipopata cheti chako ukamwandikia Mokaya kuomba kazi bila kunitaja, na yeye akakujibu uende na vifaa vyako, nilitembea mpaka sokoni na kurudi bila kununua kitu, kwa furaha tu.

Halafu ikaja Alhamisi iliyopita. Ulikuwa unanoa patasi, ukaniuliza bila kuinua kichwa.

"Tata, ile chuma ya chini ya boti hushikwa na boliti ngapi?"

"Inategemea urefu. Kumi, kumi na mbili."

"Na moja nikiiacha bila kukaza, nani atajua? Ianze kuvuja akiwa na wageni ndani. Huyo mzee tutamnyorosha, jina yake iishe ziwa yote."

Nami nikacheka. Uliniangalia kuona kama nimependa, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimependa. Uliendelea kunoa, nami nikaendelea kupiga msasa, na kufikia jioni nilikuwa nakijutia kicheko kile. Boti yenye boliti legevu haimtafuti Mokaya peke yake. Inamchukua yeyote aliye ndani. Mimi nalijua hilo vizuri, kwa sababu niliwahi kuitia majini boti mbovu, nikijua ni mbovu, na mwanamke akavunjika mkono. Hiyo ndiyo nusu ya hadithi ambayo sijawahi kukuambia.

Nusu ya kwanza unaijua. Bwana Harish, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kisii mjini, alikuwa amechoka na duka. Alitaka kuwaachia wanawe kaunta, yeye na mkewe Mama Nisha wazunguke ziwa polepole, walale ndani ya boti yao, wasimkimbilie mtu. Alikuja kwa Mzee Oluoch na mchoro aliotumiwa na ndugu yake. Mzee aliutandaza juu ya mchanga akaubana kwa mawe manne, akauzunguka mara mbili mikono ikiwa nyuma.

"Hii si boti ya mbio," alisema. "Hii ni boti ya mtu ako na subira. Angalieni mkuku yake."

Mkuku ni ule mti wa chini kabisa, uti wa mgongo wa boti. Kwa boti nyingi za starehe za siku hizi unakuwa mfupi, unaning'inia katikati, na boti inageuka upesi lakini haitulii. Huu ulianzia karibu na pua ukateremka taratibu hadi nyuma kabisa, na usukani umefungwa kwenye kisigino chake, umejificha hapo. Nyavu za wavuvi hazipati pa kunasa. Magugu ya ziwani yanateleza chini yake. Ukiipandisha mchangani inakaa kwa urefu wake wote, unaikwangua na kuipaka rangi bila wasiwasi. Na ikishika njia imeshika. Unafunga mpini wa usukani kwa kamba, unachemsha chai, unarudi unaikuta inaelekea kulekule. Wimbi likija halikurushi. Inainama polepole na kuinuka polepole, na mtu aliyelala anaendelea kulala.

Ubaya wake ni kwamba haipendi kugeuzwa. Lazima uamue mapema, na kuirudisha kinyumenyume ni vita, inakwenda inakotaka yenyewe. Mama yako husema nilijifunza tabia huko. Mimi sitakuhubiria kwa boti, Kemunto, boti ni boti. Nakueleza tu ili ujue nilichokipenda. Sijawahi kupenda kitu nilichokitengeneza kama nilivyoupenda ule mkuku. Ulikuwa mvule mmoja mzima, na niliuchonga kwa tezo miezi saba, mimi, kwa mikono hii. Mokaya alishughulika na mlingoti na matanga. Kila mtu pale ufukweni alijua hivyo.

Sasa sikiliza. Boti ya namna hiyo husimama kwa sababu ya uzito wa chini. Upepo unapoisukuma upande, ule uzito ndio unaoirudisha wima. Mchoro ulisema chuma, na ukasema ni kilo ngapi. Chuma kilikuwa kimiminwe Kisumu, kije vipande vipande, kilale ndani ya mkuku na kukazwa kwa boliti. Lakini mwezi ule Mzee Oluoch aliugua, akalazwa, na funguo za karakana akaniachia mimi.

Unajua kabla ya useremala nilichonga vinyago vya mawe ya sabuni kwa mjomba wangu huko Tabaka. Kule, kifaru au bakuli halijaisha mpaka umeligeuza ukakwaruza jina lako chini, pale ambapo mnunuzi hatazami. Mjomba alikuwa mkali kwa hilo. Kitu kisicho na jina chini yake alikiita yatima. Basi mimi, badala ya kungoja chuma cha Kisumu, nilikwenda Tabaka nikaleta mawe. Niliyachonga ishirini na mbili, yakaketi ndani ya mkuku moja baada ya jingine, hata wembe haupiti katikati. Na chini ya kila moja nikakwaruza jina langu.

Mokaya alikuja akainama akatazama.

"Ndugu, jiwe si chuma. Hii boti itakuwa mwepesi chini."

"Wewe umewahi kubeba jiwe ya Tabaka?" nikamjibu. "Mambo yako ni ndizi na majani chai. Mawe tuachie wenyewe."

Wafanyakazi walicheka, naye akaondoka.

Miaka yote hii nimejiambia kwamba sikujua. Mama yako nimemwambia sikujua. Mzee Oluoch aliniuliza ana kwa ana nikamwambia sikujua. Nilijua, Kemunto. Kilo ziliandikwa kwenye mchoro na mimi najua kusoma na kujumlisha. Jiwe la ukubwa ule halifiki nusu ya chuma. Lakini chuma kingekuja kimemiminwa na watu wengine, na jina langu lisingekuwa popote ndani ya boti ile. Nilitaka jina langu liwe chini yake, lisafiri ziwa lote bila mtu kuliona. Nikajiambia mkuku ni mrefu, utavumilia.

Siku ya kuishusha kulikuwa na nyimbo na soda. Asubuhi upepo ulikuwa mdogo, na boti ilikwenda wima, imetulia, Bwana Harish akalia machozi hadharani. Mchana upepo wa ziwa ukaamka. Tulikuwa sita ndani yake. Ililala upande na haikurudi, ikaendelea kulala mpaka maji yakaingia kwa ukingo, na Mama Nisha akateleza kutoka upande wa juu hadi wa chini akapiga kifundo cha mkono kwenye mbao. Niliusikia ule mfupa. Mokaya ndiye aliyerukia kamba akaliachilia tanga, la sivyo nisingekuwa hapa kukuandikia.

Ufukweni Bwana Harish, amelowa, anatetemeka, mkewe ameshikilia mkono, aliuliza, "Hii makosa ya nani?"

Nikasema, "Mlingoti umezidi urefu. Mlingoti ni kazi ya Mokaya."

Nilisema hivyo mbele yake. Bwana Harish akamfukuza siku hiyohiyo, na kwa wiki tatu Mokaya alichoma mahindi kando ya barabara, fundi mzima, watu wakimwuliza kuhusu mlingoti. Hapo nilipaswa kufungua mdomo. Kila asubuhi nilipita upande wa pili wa barabara ili nisisikie harufu ya mahindi yake.

Mzee Oluoch alipotoka hospitalini hakuuliza mtu kitu kwanza. Aliazima mizani ya wauza samaki, akapima jiwe langu, akapima kipande cha chuma cha ukubwa uleule, mbele ya Bwana Harish na ufukwe mzima. Kisha akaniuliza kama nilijua, nikasema sikujua, naye akatuma mtu amwite Mokaya.

Mokaya akaja akayatoa mawe yangu. Hakuyatoa kama mtu anayefanya kazi. Alilitoa moja, akaligeuza, akalisoma jina kwa sauti, akalitupa ziwani. Akachukua jingine. Akalisoma, akalitupa. Mara ishirini na moja nilisikia jina langu na kisha nikasikia maji. La ishirini na mbili nililinyakua mkononi mwake na nikaondoka nalo, na siku ya pili nilikuwa Keumbu. Kufikia hapo, kama ningekuwa mtu wa haki, ningesema tumelipana.

Ila hakuishia hapo. Alipoweka chuma na boti ikasimama vizuri, aligongomea kibati cha shaba juu ya mlango wa chumba cha kulala: "Imeundwa na Mokaya wa Ekerenyo." Yeye peke yake. Miezi yangu saba, mvule wangu, ule mkunjo wa chini ambao ndio unaoifanya boti ishike njia, vyote akavipaka jina lake. Kwa boti hiyo wateja wakamjia kutoka mbali, na Mzee Oluoch alipofariki karakana ikawa yake. Wanaosafirisha mbao wananiambia kwamba boti ile bado ipo, na kila inapopandishwa mchangani kupakwa rangi huwaita wageni, anaushika mkuku na kusema, "Hii ni mikono yangu." Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilivunja stuli ya mteja.

Kwa hiyo naona sasa jinsi ilivyo. Kuhusu jiwe, yeye alikuwa mkweli na mimi mwongo. Kuhusu mkuku, mimi ni mkweli na yeye mwizi. Jina langu nililiandika kwenye kosa langu, na kazi yangu nzuri nikaiacha bila jina, na hilo linaniuma kuliko kibati chake. Wewe nilikupa upande mmoja tu, nikakuongezea chumvi kila mwaka, mpaka ukafika mahali pa kuniuliza habari za boliti.

Boliti utakaza zote. Uzikaze, urudi uzijaribu tena, hata za boti ambayo itamtajirisha. Hakukukosea wewe. Hasira hii ni yangu, nilikubebesha ukiwa hujui hata kusoma, na kesho asubuhi hutaondoka nayo hapa nyumbani. Niachie. Nimeizoea, inajua mahali pa kulala.

Lakini kuna kazi nakutuma, na usijidanganye, ni kisasi. Lile jiwe la ishirini na mbili liko ndani ya sanduku lako, chini ya randa kubwa, limefungwa kwa kitambaa cha kijani. Usilitoe siku ya kwanza. Fanya kazi. Siku moja Mokaya atapitisha kidole kwenye ubao wako na kusema umekaa vizuri. Atasema, maana nimekufundisha mimi, na yeye si kipofu. Labda atakuwa ameshakujua kwa sura, kwa kuwa pua hiyo huwezi kuificha. Siku hiyo mwombe nafasi ya kuongea naye ofisini.

Mpe kiti kwanza. Nilimnyima kimoja mazishini, nakirudisha, nisiwe na deni lolote kwake tutakapofika kwenye jambo lenyewe. Kisha weka jiwe juu ya meza, upande wa chini uwe juu, alisome tena jina. Umwambie hivi, kwa heshima, usibadilishe neno: "Baba anasema ulisema kweli kuhusu jiwe, na kuhusu mlingoti alidanganya, naye alijua. Anaomba msamaha kwa wiki tatu za mahindi. Sasa anauliza: mkuku ni wa nani?"

Halafu unyamaze. Mokaya ni msemaji sana. Ataongea habari ya mvua, atakuuliza kama umekula, atamtaja marehemu Mzee Oluoch, atatafuta simu yake. Usimsaidie. Usitabasamu kumpunguzia aibu. Nimelimeza neno gumu zaidi maishani mwangu ili nimweke kwenye kiti hicho, na sitaki atoke hapo kwa urahisi.

Akisema ni wangu, usimwombe kitu kingine chochote. Rudi kwenye kazi yako, na utanipigia simu. Akikana, pia rudi kwenye kazi yako, umfanyie vizuri kuliko wote. Atakuwa amekana mbele yako, na kila asubuhi akifungua lango atakukuta umeshafika na pua yangu usoni, unamwamkia, unajua. Wala usiondoke upesi. Kaa miaka. Nikikuambia ukweli wote, sina hakika ni lipi kati ya hayo mawili ninalolitaka zaidi.

Mvua imepungua, nasikia pikipiki inapanda kutoka upande wa Itumbe, huenda ni wewe. Nitaikunja barua hii niiweke pamoja na jiwe, uikute huko mbali, nisiwepo kukuona unavyoisoma. Kama utanidharau, utakuwa na sababu. Ila siku hiyo ofisini, akianza kuzungusha maneno nawe ukaanza kumwonea huruma, kumbuka kwamba nimengoja tangu kabla hujazaliwa. Wewe utaweza kungoja dakika tano.

Baba yako,
aliyeuchonga mkuku.